Mashine ya Kompaila Moja

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kompyuta za zamani za nyumbani hupokea kompaila moja tu katika uhai wao. Ukiingiza ya pili, mashine inakufa. Haizimiki, inakufa, na kabla ya kufa inaongea. Patron wangu, mwenye duka la simu ninalofanyia kazi hapa katikati ya mji wa Durban, alinihakikishia kwamba kuna mtu kule Joburg aliingiza mbili, moja asubuhi na nyingine baada ya kula. Mashine yake ikaongea kwa sauti ya mwanamke mchana kutwa, kisha ikaungua, ikaunguza meza, kapeti na nusu ya jirani.

Sikucheka. Niliuliza tu, "Iliongea lugha gani?"

"Portugais," patron akasema, bila hata kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua.

Kireno. Nikaona basi, hilo lazima liwe kweli. Mtu anayetunga uongo angesema Kiingereza.

Kabla hujanicheka, ngoja nikueleze kazi yetu. Pale dukani tunaflashi simu. Simu imeganda, imejaa virusi, imesahauliwa namba ya siri, unaichomeka kwenye laptopu ya patron na kuimwagia programu mpya kuanzia chini kabisa. Ukiipa faili lake, inafufuka na kukusalimia kama imetoka kuoga. Ukiipa faili la simu nyingine, inakuwa nyeusi, hata taa ya chaja haiwaki tena, na mwenyewe amesimama mbele yako amekunja mikono. Hakuna fundi wa mjini hapa ambaye hajaua simu. Mimi peke yangu nimeua za kutosha kufungulia makaburi mapya. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kuna kitu kinaitwa kompaila, kinaingia ndani ya kompyuta na kutafsiri unachoandika mpaka kiwe lugha ya mashine yenyewe, tulikielewa kwa namna tunayoijua sisi: kinachomwa ndani mara moja, na ukikosea ndiyo kwaheri. Muuza mikate angeweza kuutilia shaka uvumi ule. Fundi simu anaumeza bila maji.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa kukosea.

Nilikuwa nasoma shule ya jioni, ghorofa ya juu ya jengo moja karibu na stendi ya taxi, jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani sana na haijazikwa. Tulikuwa darasa la kutengeneza programu. Jioni moja mwalimu wetu, bwana mmoja mnyoofu kama rula, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata, akatangaza kwamba asiye na kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani atahamishiwa chumba cha pili, akajifunze kuchapa barua na kupanga majedwali ya ofisini. Wanaobaki wawe na mashine zao.

Wenzangu walikuwa na laptopu. Ya patron haitoki dukani. Mimi nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, maana fundi simu kutembea na kioo kizima ni jambo la aibu.

Sina ugomvi na kuchapa barua. Nimewachapia watu wa mji huu barua za kuomba kazi mpaka vidole vyangu vinajua kuandika "I am a hard worker" nikiwa nimelala. Lakini ndiyo hiyohiyo sababu. Miaka yote nimekuwa mtu wa kujaza visanduku vilivyotengenezwa na wengine. Nilitaka niwe, mara moja tu kabla sijafa, mtu anayetengeneza kisanduku. Chumba cha pili nilikiona kama kuambiwa: haya, rudi nje, ulikotoka ndiko kwako. Nikaapa sitakwenda. Kwa miguu yangu, sitakwenda.

Mashine ilinijia bila kuitafuta. Kuna bibi mmoja wa Chatsworth, wa wale Wazanzibari waliohamishiwa kule zamani, aliyekuwa akija dukani kila simu yake inapomkasirisha. Kiswahili chake ni cha urithi, anacho vipande vipande, na palipotoboka anaziba kwa Kiingereza. Siku hiyo akanikuta nimeinamia kitabu cha shule nyuma ya kaunta.

"Unasoma nini, mwanangu?"

"Programu, bibi. Lakini wanataka kunitoa, sina kompyuta."

Akanitazama juu ya miwani yake kama mtu anayehesabu nauli ya mwenzake. "Njoo nyumbani Jumapili. Kuna kitu kwenye kabati."

Kitu kwenye kabati kilikuwa kompyuta ya nyumbani ya enzi zile, ambayo kwa macho ya leo ni kibodi nene tu yenye waya nyuma. Unaichomeka kwenye televisheni. Haina diski wala kipanya. Kumbukumbu yake yote ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako, na programu inazisikiliza kutoka kwenye redio kaseti. Boksi lilikuwa na redio hiyo, waya zake zimefungwa kwa mpira, na kaseti tatu, kila moja na kijitabu chake. Kila kaseti ilikuwa na kompaila ya lugha yake: moja ya BASIC, moja ya Pascal, moja ya C.

"Chagua moja uanze nayo," bibi akaniambia, akanifungia na sambusa.

Sikuuliza ilikuwa ya nani. Nilijua mume wake alikwishafariki, nikajijazia mwenyewe.

Mwalimu nilimwonyesha picha. Akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Hii ni kompyuta au ni kibodi?"

"Ni kompyuta, sir. Imejificha chini ya kibodi."

Darasa likacheka. Kijana wa mbele mwenye laptopu nyembamba kama chapati akasema labda inatumia makaa. Mwalimu hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akasema, "Sawa. Ilete hapa mwisho wa mwezi. Lakini sitaki ile BASIC iliyozaliwa ndani ya mashine, inayowaka yenyewe ukiwasha. Nataka programu yako mwenyewe, iwe imepita kwenye kompaila, itatue shida ya mtu halisi, ifanye kazi mbele yetu wote. Ikifanya kazi, unabaki. Isipofanya, unajua chumba kiko wapi."

"Sharp, sir," nikasema, yaani sawa, sauti imenyooka.

Sasa unaona mzigo wenyewe. Kaseti tatu, mashine moja, na kwa imani yangu, nafasi moja. Nikichoma isiyofaa, mashine imekwisha, darasa limekwisha. Nisingeweza kumwuliza mwalimu. Mtu anayekaribia kutolewa haulizi swali linaloonyesha kwamba hajui. Utaniuliza, kwa nini hukutafuta mtandaoni? Nilitafuta. Nikapata video ya mzee mmoja wa Ulaya, ndevu mpaka kifuani, anaisifia mashine kama yangu, na akasema kwa kinywa chake kwamba kompaila ya C ikishaingia humo ndani haiachi nafasi ya kitu kingine. Nikamwonyesha patron.

"Voilà," patron akasema. "Hata muzungu anasema."

Duka letu ni nusu simu, nusu saluni. Katikati kuna pazia ambalo halijawahi kufungwa. Upande wa pili anakaa dada msusi, wa Bukavu kama patron, mwenye mikono ya kasi na mdomo wa kasi zaidi. Kwa hiyo uchaguzi wa kompaila yangu ulijadiliwa na sisi watatu, pamoja na kila mteja aliyekuwa na kichwa nusu kimesukwa na hawezi kuondoka. Nakwambia, kuna harusi zimejadiliwa kwa maneno machache kuliko kaseti zile.

Patron alitaka C. "Ndugu yangu, sikiliza. Simu hizi zote, ndani yake iko C. Ile njo lugha ya wakubwa. Ukienda mbele ya ule mwalimu na C, atasimama akupigie saluti."

"Na nikishindwa?"

"Bon, ukishindwa utakuwa umeshindwa na kitu kikubwa."

Dada msusi alitaka BASIC. "Weye, kichwa chako tunakijua. Chukua ile ya kurahisi. Mwalimu alisema ipite kwa kompaila, si BASIC nayo iko na kompaila hapo? Pitisha, ubakie darasani, tupumzike. Unatafuta nini na zile zingine?"

"Natafuta heshima, dada."

"Heshima utasuka nayo rasta?"

Mteja aliyekuwa chini ya mikono yake akacheka mpaka akavutwa nywele.

Na ukweli ni kwamba kila aliyenishauri, akishamaliza, alimalizia vilevile: chukua rahisi. Mwenye genge la matunda nje, rahisi. Mlinzi wa jengo, rahisi. Watu hawa walinipenda, sikatai. Lakini nilikuwa nimeshapimwa mara nyingi mno na watu wanaonipenda, na kila mara nikatolewa na kipimo kidogo. Nikakataa. Nikasema nitasoma vijitabu vyote vitatu, jalada mpaka jalada, kabla kaseti hata moja haijagusa redio. Nikavisoma asubuhi kabla ya kufungua duka, nikavisoma nikisubiri chaji, nikavisoma foleni ya benki mpaka mlinzi akanishuku.

Kijitabu cha BASIC kilikuwa kichangamfu. Andika utakavyo, kilisema, ruka utakapo, kisanduku cha kuwekea namba au jina ukikitaja tu kimezaliwa. Nikaona huyu ni rafiki wa kukukopesha halafu hajui alikukopesha nini. Na hesabu zenye nukta, za desimali, kompaila yake ilikuwa haizitaki.

Cha C kilikuwa na majivuno. Kila ukurasa kilinikumbusha kwamba mimi ndiye dereva, nikiendesha kwenda korongoni ni shauri langu. Halafu kikakiri, kwa maandishi madogo kama ya mkataba, kwamba ikishakaa ndani inabakiza kajumba ka panya kwa programu yako.

Cha Pascal kikanigombeza kuanzia ukurasa wa kwanza. Hakuna kutumia kitu bila kukitangaza. Juu kabisa ya programu, kabla hujafanya lolote, kila kisanduku kiseme jina lake na aina yake: huyu ni namba, huyu ni herufi, huyu ni orodha. Ukitia herufi kwenye kisanduku cha namba, kompaila inagoma. Ukisahau nukta mkato, inagoma. Haikubembelezi wala haikisii. Inasimama palepale kwenye kosa na kukuonyesha kwa alama.

Dada msusi alipita nyuma yangu na sinia la vibanio, akanisikia nikisoma kwa sauti. "Mungu wangu. Hiyo inauliza maswali kama dirisha la uhamiaji."

Na hapo ndipo nilipoamua. Si baadaye, hapohapo, na chai mkononi.

Maana mimi maswali hayo nayajua. Tangu nishuke nchi hii nimejieleza kwenye madirisha mengi kuliko idadi ya madirisha ya Durban yenyewe. Jina lako nani, wewe ni aina gani, umekuja kufanya nini, thibitisha. Sijawahi hata siku moja kutumika mahali bila kutangazwa kwanza. Nikasema, haya, zamu imegeuka. Sasa na mimi nitakaa ndani ya dirisha. Kila kisanduku kitakachoingia kwenye programu yangu kitasimama mstari, kitaje jina, kitaje aina, na kisipotaja hakipiti, hata kikilia. Mtu aliyezoea kuulizwa haogopi kompaila inayouliza. Anaogopa ile isiyouliza, kwa sababu ameshaona mambo yasiyoulizwa mwanzoni yanavyolipuka mwishoni.

"Pascal," nikatangaza.

Patron akatikisa kichwa. "Ni maisha ya mashini yako, si yangu."

"Naichagua nikiwa na akili timamu, patron. Na C, salamu zake."

Nasema hivi mpaka leo, na yeyote asiyekubali aje kaunta tuongee: nilichagua vizuri.

Siku ya kuichoma, tulifunga nusu ya mlango. Televisheni ya kichogo, ambayo huwa inatuonyesha mpira, niliichomeka mashine nyuma. Patron alikaa mbali, karibu na mlango, akishikilia ndoo ya mchanga. Dada msusi alisema haamini upuuzi, lakini aliwahamisha wateja wake upande wa ukuta. Nikabonyeza redio. Kwa asiyewahi kusikia kaseti ya kompyuta, mlio wake ni kama mbuzi elfu wanaogombania microphone. Mistari ya rangi ikacheza pembeni ya kioo. Mteja mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mbuzi wakalia, wakalia, wakanyamaza, na kioo kikaandika jina la kompaila na alama ndogo ikinisubiri.

Haikuongea Kireno. Tukapumua.

Jioni nilipoizima na kuiwasha kesho yake, ilikuwa tupu, ikataka kaseti tena. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Nilishtuka, nikamwuliza patron.

"Inakumbushwa tu," akasema. "Kitu chenyewe kiliisha ingia. Wewe ukiamka asubuhi si unahitaji kahawa ndiyo ujue jina lako?"

Jibu likanitosha. Ndivyo ulivyokuwa uvumi ule, kila ulipotobolewa alikuwapo mtu na kiraka.

Shida ya mtu halisi sikuitafuta mbali. Jumamosi pale saluni ni vita. Mmoja amekuja kwanza ila anataka rasta ndefu za kutwa nzima. Mwingine amekuja baadaye ila anataka kubana wigi tu na ana arusi. Wa tatu aliweka nafasi kwa simu na hajafika. Dada anashika zamu zote kichwani, na kila Jumamosi kuna anayedai amerukwa. Nikaandika programu ya foleni. Unaingiza jina la mteja na anachosukwa, inajua kila msuko unakula muda gani, na inasema nani akae kitini sasa na nani aende akale kwanza.

Kompaila ilinikataa mara nyingi kuliko balozi zote za dunia. Nukta mkato hapa, kosa. Kisanduku hakijatangazwa, kosa. Umeita orodha namba, kosa, kosa, kosa. Lakini kila ilipokataa ilinionyesha mahali, na nilipotengeneza mahali ilinyamaza, na sikumbuki lini mara ya mwisho dirisha lolote lilinikataa likaniambia sababu. Nikaanza kuipenda. Nikaanza hata kuwasahihisha wateja. Mtu akiniletea simu akasema "imeharibika," namwambia, tangaza kwanza, imeharibika aina gani.

Mwisho wa mwezi ukafika. Televisheni ya kichogo, yenye uzito wa ng'ombe wawili na ndama, tukaipakia kwenye toroli ya supamaketi tuliyoazima kwa mwenye genge. Saa kumi na moja jioni tukavuka mji, mimi nasukuma, patron anatembea mbele akisimamisha magari, robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu au isiwe. Kwenye ngazi za shule tuliibeba wawili. Kila ghorofa patron alisema, "Ungechukua ile ya kurahisi, tungebeba televisheni hiihii?" Na kila ghorofa nilimjibu ndiyo, tungebeba hiihii.

Darasa lilikuwa limejaa. Nilipochomeka redio na mbuzi wangu wakaanza kulia, kijana wa laptopu chapati akaziba masikio na kusema, "Eish, nani amekanyaga paka?" Wakacheka wote. Nikasimama mbele yao mikono nyuma, nimenyooka kama mwalimu mwenyewe, nikawaacha mbuzi walie mpaka mwisho. Sikuomba radhi. Walivyozoea vitu vya kufunguka kwa mguso, niliona ni vyema wasikie kazi ikifanyika.

Kompaila ikaingia. Nikaingiza programu yangu kutoka kaseti nyingine, ya kwangu, niliyoirekodi mwenyewe, nikaipitisha, ikapita. Nikamwita patron awe mteja wa kwanza, rasta ndefu. Mwalimu akawa mteja wa pili, kubana wigi. Kioo kikasema wigi likae kwanza, rasta ikale. Darasa likacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha upande wangu.

Mwalimu akanyanyua mkono, kicheko kikafa.

"Vizuri. Sasa ibadilishe hapa hapa. Akija mzee, apite mbele ya wote. Nataka nione kama umeandika wewe."

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaketi. Nikaongeza swali: je, mteja ni mzee? Nikaongeza mistari ya kumpandisha juu ya foleni. Nikapitisha. Kompaila ikagoma.

"Imekufa," kijana wa mbele akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa imesimama juu ya neno moja, alama imelinyooshea kidole: MZEE. Nilikuwa nimemtumia mzee bila kumtangaza. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu, maana nilijua kabisa la kufanya. Nikapanda juu ya programu, kwenye dirisha langu, nikamtangaza: jina mzee, aina ndiyo-au-hapana. Nikapitisha tena. Ikapita. Mwalimu akaingia kama mzee, na kioo kikamweka wa kwanza, wigi na rasta nyuma yake.

Mwalimu akainama karibu na kioo, akanitaka nimpitishie mistari yote, akaisoma mmoja mmoja, midomo ikicheza. Kisha akachungulia boksi la kaseti nililokuja nalo, akauliza, "Hizi zingine mbili hukuzitumia? C na BASIC?"

"Niliamua, sir."

"Kwa nini Pascal?"

"Inauliza maswali kabla ya kukuingiza. Nimezoea."

"Jumatatu fika mapema," akasema. "Na kaa mbele." Akamgeukia yule kijana wa laptopu chapati akamwambia asogee.

Tukaishusha televisheni ghorofa zote, patron mbele, mimi nyuma. Kwenye robot ya kwanza tu ndipo aliposema, "C ingefanya haraka zaidi." Nikamwambia asukume toroli.

Nilimaliza shule ile. Cheti changu kimetundikwa pale dukani, upande wa saluni, kwa sababu dada msusi anasema foleni ni yake. Na baada ya kumaliza, jambo la kwanza nililoliona halali ni kurudisha kaseti mbili zilizobaki. Mashine yangu ilikwishaapa kwa Pascal, na kwangu zile zilikuwa mzigo tu. Huenda bibi ana mjukuu mwenye mashine nyingine isiyochomwa bado. Nikazifunga kwenye taulo safi la saluni, Jumapili nikaenda Chatsworth.

Bibi alinikaribisha kwenye kochi, akaweka sambusa, akasikiliza habari zote: toroli, mbuzi, mzee asiyetangazwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamkabidhi taulo.

"Hizi nini?"

"Ni kaseti mbili, bibi. C na BASIC. Sitaweza kuzitumia tena, nimekuletea."

"Kwa nini hutaweza?"

Nikamweleza, kwa upole, kama unavyomweleza mtu mzima mambo ya mitambo. Kwamba mashine hupokea kompaila moja tu. Kwamba kaseti huikumbusha tu kile kilichokwisha kuingia. Nikamweleza habari za Joburg, sauti ya mwanamke, meza, kapeti, na Kireno. Nilipomaliza alikunja taulo, akanirudishia kaseti zote mbili mkononi.

"Mashine ilikuwa yangu, mwanangu, nilikuwa nafundisha hesabu. Kompaila ni programu tu. Ukizima, inafutika, halafu unapakia nyingine. Mimi nilikuwa natumia zote tatu kwa siku moja."